Kompyuta ya Gemu kwa Hela ya Bumu

Hela ya chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa hesabu hiyo kompyuta ya laki sita ni siku 60 za kula. Anayeuziwa mashine ya laki sita halafu ikashindwa gemu aliyoitaka hajapoteza kifaa tu, amepoteza miezi miwili ya ugali. Naanza na hesabu hii kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu kompyuta za gemu huku kwetu, kuanzia mageto ya Musoma mpaka hosteli za Bunda na Butiama, yanaanza na swali moja: "Ni i5 au i7?" Hilo ndilo swali ambalo muuzaji anaomba Mungu uliulize, kwa sababu jibu lake ni stika, na stika inabandikwa.

Swali la kwanza ni gemu gani. Chukua karatasi, andika gemu tatu unazotaka kucheza kweli, siyo zile ulizoona kwenye video za YouTube. Ukiandika GTA San Andreas na PES 2013, funga hili gazeti uende zako: kompyuta yoyote ya ofisi ya miaka kumi iliyopita inazicheza bila kuongezewa kitu. GTA V ilipotoka upande wa kompyuta mwaka 2015, waliyoitengeneza walipendekeza prosesa ya i5-3470, RAM ya GB 8 na kadi ya GTX 660 yenye GB 2. Hivyo ni vitu vya mwaka 2012. EA Sports FC 24 ni habari nyingine: kiwango cha chini kabisa ni i5-6600K au Ryzen 5 1600, RAM GB 8, kadi ya GTX 1050 Ti yenye GB 4, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Ukiziweka orodha hizi pamoja utagundua kwamba prosesa zinazotakiwa zimejaa tele kwenye soko la mitumba. Kinachowakwamisha watu ni kadi ya grafiki, yaani kile kibao kinachochora picha unazoziona kwenye skrini.

(Kama kwenye karatasi yako kuna mpira peke yake, na unacheza Jumamosi tu na washkaji, nakushauri ubaki kwenye kibanda cha PlayStation. Utacheza mechi nyingi sana kabla hujamaliza laki sita.)

Sasa tuje sokoni. Kompyuta ya gemu ya hela ndogo Tanzania haianzi na boksi lenye taa za rangi. Inaanza na mashine ya ofisi iliyotumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Makampuni ya nje yanabadilisha hizi mashine kila baada ya miaka michache, zinaingizwa kwa makontena, zinapita Kariakoo, zinapanda mpaka Mwanza, na chache zinafika maduka ya Musoma mjini. Zilitengenezwa kuchapa ankara, lakini zilitengenezwa vizuri. Mazabodi yake ni imara, feni zake hazipigi kelele, na prosesa iliyomo ni ileile ambayo mwenzako analipia bei kubwa ikiwa ndani ya boksi la kioo.

Shida ni kwamba mashine moja, jina moja, inakuja kwa maumbo matatu, na hapa ndipo pesa za wanafunzi wengi zinapozama. Lipo boksi kubwa la kusimama, kimo cha ndoo ndogo ya maji. Lipo boksi jembamba, linaandikwa SFF, ambalo watu wanalipenda kwa sababu linakaa vizuri mezani. Na lipo dogo kabisa, unene wa kamusi, linaitwa Micro au Mini. Hilo dogo lisahau: halina nafasi ya kadi ya grafiki, sasa wala baadaye. Jembamba linapokea kadi, ila iwe ya nusu kimo, na hizo ni chache na kwa kawaida ni ghali kuliko ndugu zake wa kimo kamili. Boksi kubwa ndilo linalopokea kadi za kawaida. Mara nyingi tofauti ya bei kati ya jembamba na kubwa ni ndogo, wakati mwingine haipo, kwa sababu muuzaji anamuuzia mhasibu na mhasibu hajali kimo. Wewe jali. Ukikuta OptiPlex ya boksi kubwa yenye i5 na nyingine nyembamba yenye i7, bei sawa, beba ile ya i5.

Ukishapata boksi, lifungue uangalie pawa saplai. Lile bati la nyuma lenye feni lina karatasi ubavuni imeandikwa wati. OptiPlex 7020 ya boksi kubwa ina wati 290; nyembamba yake ina 255. Ni kidogo. Na ubishi wa kwamba "utabadilisha tu pawa saplai" una tatizo: Dell za kizazi hicho hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi, zinatumia ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 inatumia ya pini 6. Pawa saplai ya dukani haiingii mpaka utafute waya wa kuunganishia, na huo waya Nyasho hutaukuta kirahisi. Kwa hiyo mwenye akili anakubali wati alizopewa na kutafuta kadi inayoishi ndani yake.

Kadi hizo zipo. Soketi ya kadi kwenye mazabodi inatoa umeme usiozidi wati 75, na kuna kadi zilizobuniwa zisizidi hapo, hivyo hazihitaji waya wowote kutoka kwenye pawa saplai. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inakula wati 60. GTX 1050 Ti ya 2016 inakula 75 na ina GB 4. GTX 1650 ya 2019 nayo ni 75, GB 4, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu wa FC na GTA V. Angalia tu juu ya kadi: baadhi ya matoleo ya 1650 yana tundu la pini 6, maana yake yanataka waya, na boksi lako la ofisi huo waya halina. Kati ya 1050 Ti na 1650, kama pesa inafika, chukua 1650 hata kwa kujibana wiki moja. Nvidia ilitangaza kwamba kadi za ukoo wa 1050 Ti zinaacha kupata madereva mapya ya gemu baada ya Oktoba 2025. 1650 bado zimo.

Kadi za kuepuka ni GT 710 na GT 730. Zina neno "GB 4" kwa herufi kubwa kwenye boksi na zinauzwa zikiwa mpya kabisa zenye nailoni, na ni dhaifu kuliko utakavyoamini. GB za kadi ni ukubwa wa meza. Haziongezi kasi ya anayeandika juu yake. GT 1030 inavumilika kwa gemu nyepesi, lakini ina mapacha wawili: wa GDDR5 na wa DDR4. Wa DDR4 ameachwa mbali sana na mwenzake, na jina ni lilelile. Soma maandishi madogo.

Halafu kuna kadi feki, na hizi zimewaliza watu wengi mtandaoni. Mtu anachukua kadi ya zamani sana, anabadilisha programu yake ya ndani, anabandika stika ya 1050 Ti. Ukiichomeka, Windows inaisoma "1050 Ti" bila aibu. Jicho lako ndilo linalokuokoa: kadi halisi ya 1050 Ti haina tundu la VGA, lile la bluu lenye matundu madogo 15. Ukiliona hilo tundu kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Njia ya pili ni programu ndogo ya bure inaitwa GPU-Z. Iweke kwenye flashi yako kabla hujaenda dukani. Ikikutana na kadi ya namna hii, inaandika neno FAKE mbele ya jina.

Nimechelewesha prosesa makusudi. Prosesa ni muhimu, lakini ukifika hapa maswali yako yamebaki mawili: kizazi gani, na ina viini vingapi.

Kizazi kinasomwa kwenye namba baada ya kistari. i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-6500 cha 6, i5-8500 cha 8, i3-12100 cha 12. Muuzaji atakwambia, "Mdogo wangu, hii ni i7 bwana," na hatakuwa amedanganya: i7-2600 ni i7 kweli, ya mwaka 2011. Ila i3-12100 ya miaka ya karibuni inaiacha mbali sana. "i7" ni cheo ndani ya kizazi chake, kama vile kiranja mkuu wa shule ya msingi. Angalia darasa kwanza.

Na angalia herufi ya mwisho. U ni prosesa ya laptopu inayobana umeme. i7-7500U ina viini viwili tu, wakati i5-6500 ya mezani, ya kizazi cha nyuma yake, ina vinne. Ndiyo maana laptopu ya rafiki yako yenye stika ya i7 inakwama kwenye gemu ambayo OptiPlex ya i5 inaitafuna. T ni ya mezani iliyopunguzwa nguvu, utaikuta kwenye yale maboksi ya kamusi. F maana yake prosesa haina grafiki yake yenyewe: bila kadi, skrini haiwaki. K ni ya watu wanaopandisha kasi kwa mkono, na mazabodi za ofisi haziruhusu, kwa hiyo usiongeze hata buku kwa ajili yake.

Mimi naona mpaka wa kweli uko kwenye kizazi cha 8. Kabla ya hapo i5 za mezani zilikuwa na viini vinne. I5-8500 ya mwaka 2018 ina sita. La pili, Microsoft ilifunga huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Kwa anayecheza peke yake hilo halitishi. Lakini gemu kama Valorant, ukiwa kwenye Windows 11, inakagua TPM 2.0 na Secure Boot kabla haijakufungulia, na zile njia za panya za kulazimisha Windows 11 kwenye mashine ya zamani hapo zinagonga ukuta. Ukiwa na pesa ya kizazi cha 8, nunua kizazi cha 8. Kama haifiki, ruka cha 6 na 7 ambavyo watu wanavisifia, shuka mpaka cha 4, na chenji yote iingie kwenye kadi. Cha 6 na 7 havipo rasmi ndani ya Windows 11 na mara nyingi havikupi kiini hata kimoja cha ziada.

Kuna mtego hapa wa watu wenye ujuzi wa nusu. OptiPlex 7050 ni kizazi cha 6 na 7, na soketi yake inaitwa LGA1151. i5-8500 nayo ni LGA1151. Inaingia vizuri, inakaa, unafunga feni, unawasha, haiwaki. Intel waliacha jina la soketi na kubadilisha mambo ya ndani. Prosesa ya kizazi cha 8 inataka mazabodi ya kizazi chake.

RAM na diski haviumizi kichwa. GB 8 ndiyo sakafu, 16 ni raha. Vipande viwili vya GB 4 vinafanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu data inapita njia mbili badala ya moja. Mashine za kizazi cha 4 zinatumia DDR3, za 8 DDR4, na haviingiliani, hata mkato wa katikati hauko sehemu moja. SSD haiongezi fremu kwa sekunde, lakini bila hiyo Windows yenyewe itakuzeesha. Ndogo ya GB 240 kwa Windows na gemu moja nzito, hadi diski ya zamani kwa zilizobaki, inatosha. Na kabla hujapanga kushusha gemu ya GB 100, piga hesabu ya bando.

Nikigawa pesa katika mafungu kumi, matano yanaenda kwenye boksi na prosesa yake, matatu kwenye kadi, moja kwenye SSD au RAM, na moja kwenye UPS. Skrini haimo. Ukitumia TV ya gheto, kumbuka OptiPlex nyingi hazina HDMI, zina DisplayPort na VGA. HDMI utaipata kwenye kadi. Na waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Inasikika kama utani, ila kuna watu wamenunua kadi na hawajawahi kuitumia.

Wapo wanaotaka mashine mpya, siyo mtumba. Kwao kuna njia moja ninayoiheshimu: Ryzen 5 5600G ya AMD, ya mwaka 2021. Ina viini sita, nyuzi 12, na grafiki yake ya ndani inacheza GTA V bila kadi yoyote, mradi RAM iwe vipande viwili, kwa sababu grafiki hiyo inakopa RAM ya mashine. Bumu hili unanunua mazabodi, prosesa, RAM na pawa saplai ya kawaida. Bumu la mwakani unaongeza kadi, na hapo hakuna anayekubana kwenye wati 75. Gharama ya kuanzia ni kubwa kuliko OptiPlex, lakini kwa mtu wa mwaka wa kwanza mwenye miaka mitatu au minne mbele yake, inalipa. Mashine hiyohiyo itakufungulia AutoCAD, QGIS na SPSS bila kulia, jambo ambalo mzazi atapenda kulisikia.

Ukiwa Musoma, kipande usichokipata mjini kitatoka Mwanza, mwendo wa saa nne hivi kwa basi. Mimi nasema panda basi mwenyewe ukaione mashine ikiwaka, nauli ni bima. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, jina kamili la prosesa liko pale na halibandikwi stika. Zima, washa, ingia BIOS: kama inadai nenosiri la ofisi fulani ya Ulaya, iache hapohapo. Iwashe nusu saa ukipiga stori na muuzaji. Kabla ya safari chomoa kadi ya grafiki, ifunge kwenye nguo, ibebe begani. Boksi lilaze ubavu, lisiingie kwenye buti chini ya mizigo ya watu. Anayekwenda Butiama akishuka Makutano bado ana kipande cha boda mbele yake, na kadi iliyoning'inia kwenye soketi haipendi boda.

Ikifika, badilisha pesti ya joto juu ya prosesa, ya miaka kumi imeshakauka kuwa chaki. Usiweke boksi sakafuni. Bunda vumbi linatosha, na Musoma wale wadudu wa ziwani wakifuata taa usiku wanaishia ndani ya feni. Usafishe kwa brashi laini kila baada ya miezi miwili. Kompresa ya fundi pancha usiisogeze karibu, inatema maji na mafuta pamoja na upepo.

Limebaki la umeme, ambalo ndilo linalovunja urafiki. Tuseme mashine na skrini vinakula wati 160 ukiwa unacheza, saa tatu kila siku. Kwa siku 30 ni uniti 14.4. Nyumba iliyo kwenye bei ya D1 inalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, lakini isizidi uniti 75 kwa mwezi. Ikizoea kuzidi inahamishiwa T1, shilingi 292, ambayo ukijumlisha kodi na tozo inafika kama 356. Kwenye T1 gemu zako ni shilingi 5,100 hivi kwa mwezi, siyo kitu. Ila kama mko vyumba vitano kwenye mita moja ya D1, kila chumba kina uniti 15, na mashine yako peke yake imemaliza fungu lako kabla hujawasha taa wala kuchaji simu. Mkipitiliza, wote watano mnahamia T1, pamoja na yule anayetumia taa moja na redio. Kaa nao kabla ya kununua, siyo baada. Mkubaliane LUKU yako ni ngapi, na uilipe mwanzoni mwa mwezi.